Kuroda au Yoshida: uanze na mandhari ya nani?

Mtu akitaka picha moja ya mandhari ya Kijapani iliyochorwa kwa jicho lililofunzwa na Waimpreshonisti wa Ufaransa (wachoraji wa karne ya 19, kama Monet, waliofuata mwanga wa nje unavyobadilika), iwe ya kutundika sebuleni, ya kunakili akijifunza kuchora, au ya kuisafiria hadi Japani aione kwa macho yake, majina mawili hayakwepeki. La kwanza ni Kuroda Seiki (1866–1924), aliyechora "Kando ya Ziwa" mwaka 1897. La pili ni Yoshida Hiroshi (1876–1950), ambaye mwaka 1926 alitoa mfululizo wa chapa za mbao, yaani picha zinazopigwa kwenye karatasi kwa mbao zilizochongwa, uitwao "Mashua za Matanga". Wapo wengine wawili, Asai Chū na Kojima Torajirō. Hao nitawagusa njiani, na kwa baadhi ya wasomaji mmoja wao ndiye atakayefaa kuliko wote.

Maelezo mengi kuhusu wachoraji hawa huishia kwenye sentensi moja: wameunganisha Mashariki na Magharibi. Ni kweli, ila haimsaidii anayechagua. Cha kuuliza ni kwamba pande hizo mbili zimekutana sehemu gani ya picha. Kwa Kuroda, vifaa vyote ni vya Ulaya, turubai na rangi za mafuta, na Ujapani wake umo katika jinsi alivyoipanga picha na katika yale aliyoamua kutoyachora. Kwa Yoshida mambo yamegeuka. Vifaa ni vya Kijapani kabisa, yaani mbao za mcheri, karatasi ya mforosadi na rangi za maji, na alichokichukua Ulaya ni namna ya kuutazama mwanga. Mtu akilishika hilo, kazi ya kuchagua inakuwa nyepesi sana.

Tena mwanga huo wa Ufaransa wenyewe ulikuwa umeshapitia Japani. Bandari za Japani zilipofunguliwa kwa biashara ya nje katika miaka ya 1850, chapa za Hokusai na Hiroshige, mabingwa wa chapa za mbao wa Japani, zilianza kufika Paris. Monet alikusanya zaidi ya 200, na nyumba yake ya Giverny imejaa chapa hizo ukutani. Van Gogh, mwaka 1887, alizinakili mbili za Hiroshige kwa rangi za mafuta. Mmoja wa waliozileta na kuziuza alikuwa Hayashi Tadamasa, mfanyabiashara Mjapani aliyeishi Paris na aliyekuwa na wateja miongoni mwa wachoraji wenyewe. Sasa, mwaka 1884 kijana wa miaka 17 kutoka ukoo wa Kagoshima alifika Ufaransa kusomea sheria. Ndiye Kuroda. Miaka miwili baadaye, katika mkusanyiko wa Wajapani waliokuwa Paris, watu watatu walimsihi aachane na sheria ashike brashi: wachoraji Yamamoto Hōsui na Fuji Masazō, na wa tatu ni Hayashi huyohuyo. Aliyewapelekea Wafaransa macho ya Kijapani ndiye aliyemsukuma Mjapani akajifunze kwa Wafaransa. Kila ninapoisoma habari hii naona jinsi ilivyo kazi bure kuligawa suala hili kwa mstari ulionyooka kati ya Mashariki na Magharibi.

Mwalimu wa Kuroda alikuwa Raphaël Collin, na hapa inafaa kuwa waangalifu. Collin hakuwa Mwimpreshonisti. Alikuwa mchoraji wa shule ya kitaaluma, mwenye umbo lililokamilika na mistari safi, ila aliwatoa watu studioni akawachora chini ya anga. Kuroda alichukua vyote viwili. Aliishi kwa muda Grez-sur-Loing, kijiji cha mtoni kusini mwa Paris, na mwaka 1891 picha yake "Kusoma" ikakubaliwa kwenye Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris. Alirudi kwao mwaka 1893. Kwa hiyo anayetafuta mibonyezo mifupi ya brashi iliyopangwa ubavu kwa ubavu kama kwa Monet hataikuta kwa wingi hapa. Atakuta hewa ya nje, na vivuli vyenye rangi.

Vivuli hivyo ndivyo vilivyozua mabishano. Kabla ya Kuroda, uchoraji wa mafuta nchini Japani ulifuata kwa sehemu kubwa njia ya Antonio Fontanesi, Mwitalia aliyeajiriwa na serikali kufundisha katika shule ya sanaa iliyofunguliwa Tokyo mwaka 1876. Fontanesi alipenda mashamba ya jioni na rangi za udongo, na wanafunzi wake wakachora vivuli kwa kahawia na nyeusi. Asai Chū alikuwa hodari miongoni mwao. "Mavuno" yake ya mwaka 1890, yenye wakulima wakipura mpunga, bado ni picha nzito na ya heshima. Kuroda akaja na vivuli vya samawati na urujuani. Wakosoaji wakawabandika wenzake jina la kundi la zambarau, na wale wa zamani wakaitwa kundi la utomvu. Mwaka 1896 Kuroda na rafiki zake walianzisha chama chao, Hakubakai, na mwaka huohuo akakabidhiwa ufundishaji wa uchoraji wa Kimagharibi katika Shule ya Sanaa ya Tokyo. Baada ya hapo ubishi ukawa umekwisha, kwa sababu vijana wengi wenye kipaji walipita mikononi mwake.

Sasa "Kando ya Ziwa". Ni turubai ya sentimita 69 kwa 84.7, ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mwanamke amekaa juu ya jiwe kwenye ufuo wa Ziwa Ashi, huko Hakone, amevaa yukata, kimono nyepesi ya kiangazi, mkononi ana upepeo wa duara. Ndiye aliyekuja kuwa mke wa Kuroda. Nyuma yake ni maji, nyuma ya maji ni mlima, na hayo ndiyo yote. Inasemekana hakuna michoro ya maandalizi. Aliingia kwenye turubai moja kwa moja.

Itazame polepole. Hakuna nyeusi ya kweli hata mahali pamoja isipokuwa kwenye nywele. Nguo, maji na mlima vimo ndani ya familia moja ya rangi, samawati inayoelekea kijivu, na tofauti kati yao ni ndogo mno. Mchoraji wa Kifaransa wa wakati ule angeweka kitu katikati, labda mtumbwi, au mti, au mwanga unaong'aa juu ya maji, ili jicho lipate ngazi za kushukia kutoka karibu hadi mbali. Kuroda hakuweka. Mwanamke yuko karibu kabisa, mlima uko mbali kabisa, na kati yao kuna uwanda mtupu wa maji uliopakwa kwa mapigo mapana na mepesi. Mpango huo ni wa chapa za Hiroshige, ambaye alipenda kuweka kitu kikubwa mbele kabisa na ulimwengu mzima nyuma yake. Na mada yenyewe ni ya Kijapani tangu zamani: msimu. Picha ilipoonyeshwa mara ya kwanza ilikuwa na jina lenye maana ya kukimbia joto la kiangazi. Yukata, upepeo, ufuo wa ziwa la milimani, kila kimoja kinataja baridi kidogo katikati ya joto, kama mshairi wa huko anavyotaja majira bila kuyaeleza. Mwaka 1900 ilipelekwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris.

Mimi naiona kuwa picha kubwa. Lakini ina tabia moja inayomhusu mnunuzi: nakala zake huharibika kwa urahisi. Uzuri wote umo katika tofauti ndogo za rangi, na mashine ya kuchapisha ikikosea kidogo tu, picha nzima inageuka samawati ya duka la vyandarua au kijivu kilichochoka. Nakala mbaya ya "Kando ya Ziwa" haionyeshi chochote zaidi ya mwanamke aliyekaa.

Yoshida alitoka upande wa pili wa ugomvi ule. Alizaliwa Kurume, kisiwani Kyushu, akachukuliwa na mwalimu wake wa kuchora aliyempa jina la ukoo, kisha akasoma Tokyo kwa Koyama Shōtarō, aliyekuwa mwanafunzi wa Fontanesi. Kwa nasaba ya kisanaa, basi, yeye ni mjukuu wa kundi la utomvu. Milango ya shule kubwa ilipokuwa mikononi mwa watu wa Kuroda, yeye na rafiki yake Nakagawa Hachirō walifunga rangi zao za maji mwaka 1899 wakapanda meli kwenda Marekani, ambako walifanya maonyesho Detroit na Boston na kuuza vizuri. Kwa miaka 20 na zaidi aliendelea kuwa mchoraji wa mafuta na maji, na mpanda milima asiyechoka. Chapa za mbao alizianza mwaka 1920, akiwa na miaka zaidi ya 40, akimchorea mchapishaji Watanabe Shōzaburō. Tetemeko la ardhi lililoipiga Tokyo tarehe 1 Septemba 1923 na moto uliofuata vikateketeza mbao hizo. Mwaka 1925 akafungua karakana yake mwenyewe.

Uamuzi huo ndio unaomtofautisha. Katika utaratibu wa zamani mchoraji alichora, mchongaji akachonga, mchapaji akachapa, na mchapishaji ndiye aliyekuwa bwana wa wote. Yoshida aliwaajiri wachongaji na wachapaji akawasimamia ubavuni, na mara nyingine alichonga mwenyewe. Alitaka chapa ifanye kile kinachofanywa na rangi za maji: ukungu, mng'ao wa maji, anga linalobadilika rangi bila mpaka. Chapa za kale hutegemea mstari mweusi unaozunguka kila kitu. Yoshida aliufifisha mstari huo, mara nyingine akauondoa kabisa, na badala yake akarundika tabaka za rangi, moja juu ya nyingine, kila moja ikisuguliwa kwa mkono nyuma ya karatasi yenye unyevu. Chapa yake ya Lango la Yōmei huko Nikkō, ya mwaka 1937, ilipitishwa mara 96.

"Mashua za Matanga" ndipo mbinu hiyo inapofika kileleni. Mahali ni Bahari ya Ndani ya Seto. Mashua kubwa iko mbele, tanga lake refu limejaa, nyingine iko nyuma, na vivuli vya matanga vimelala juu ya maji. Picha hiyo hiyo imechapwa mara sita: asubuhi, kabla ya adhuhuri, alasiri, ukungu, jioni na usiku. Mbao ni zilezile, zilizobadilika ni rangi na namna ya kuzipaka. Monet alipochora miganda yake ya nyasi mwaka 1890 na 1891, kila saa ya mchana ilimdai turubai nyingine na mchoro mwingine. Yoshida alikuwa na ubao, na ubao haubadiliki. Kwa hiyo ukiziweka sita pamoja unaona kitu ambacho hata Monet hakuweza kukionyesha kwa usafi huo: umbo limesimama palepale, na tofauti yote unayoiona ni mwanga peke yake. Katika ile ya ukungu mashua ya nyuma inakaribia kutoweka. Katika ile ya usiku kuna taa inayochuruzika majini. Mtu aliyekulia Lamu, Bagamoyo au Unguja ataijua saa kwa kulitazama tanga tu.

Linalonigusa hapa ni kwamba Waimpreshonisti walikimbizana na wakati. Walichora haraka kwa sababu jua halisubiri. Yoshida aliipata hisia ileile ya dakika inayopita kwa kazi ya majuma mengi, ya kuchonga, kusubiri karatasi ikae sawa na kusugua tena. Kwa maoni yangu huo ndio muungano wa kina zaidi katika habari hii yote.

Hata hivyo ana udhaifu wake. Baadhi ya chapa zake ni nzuri kupita kiasi, kila kitu kimetulia, hakuna kinachokupinga, na ukizitazama nyingi kwa mfululizo unaanza kuona kadi za posta. Kuroda hakuchoshi namna hiyo, kwa kuwa katika picha yake kuna mtu anayewaza jambo ambalo hatuambiwi.

Kwa ukuta wa nyumbani, basi, nasema Yoshida bila kusita. Picha zake zilifanywa tangu mwanzo kuwa za kuchapwa kwenye karatasi, maumbo yake yanasomeka kutoka upande wa pili wa chumba, na zinastahimili nakala ya kawaida. Ukitaka moja tu, chukua "Mashua za Matanga" ya ukungu au ya asubuhi. Ile ya jioni ni ya kuvutia lakini rangi zake huelemea chumba. "Bahari Inayometameta" ya mwaka huohuo 1926 nayo ni chaguo la heshima, na ndiyo iliyoonekana ofisini kwa Princess Diana huko Kensington. Anayetaka Afrika ndani ya mkusanyiko wake aangalie chapa mbili za Sphinx, ya mchana na ya usiku, alizozitoa mwaka 1925 baada ya kupita Misri. Popote utakapoitundika, iepushe na dirisha linalopigwa na jua.

Ukiwa na uwezo wa kununua chapa ya asili, tafuta muhuri mdogo wa herufi mbili za Kijapani pambizoni, kwa kawaida upande wa kushoto. Unasomwa "jizuri" na unaonyesha kwamba Yoshida mwenyewe alisimamia uchapaji. Chapa za enzi zake zilizokusudiwa kwa wageni mara nyingi zina sahihi ya penseli kwa herufi za Kirumi. Familia yake iliendelea kutumia baadhi ya mbao baada ya yeye kufariki, na hizo za baadaye sahihi yake imegongwa kwa mhuri. Ni chapa halali na nzuri, ila bei yake haipaswi kulingana na za kwanza, na muuzaji asiyetaka kukuonyesha pambizo aachwe.

Kwa anayejifunza kuchora, jibu langu linabadilika. Anza na Kuroda. Yoshida atakufundisha subira, lakini mbinu yake inadai karakana na vifaa ambavyo hutavipata kirahisi. Kuroda anakufundisha jambo unaloweza kulifanya leo kwa akriliki na kadibodi: chora mtu chini ya mwembe saa tano asubuhi, na ujikataze kabisa nyeusi na kahawia kwenye vivuli. Changanya buluu na nyekundu kidogo, ipunguze kwa nyeupe, na utazame nguo nyeupe inavyogeuka kivulini. Halafu fanya lile gumu zaidi, ondoa kitu kimoja ambacho ulikuwa umekusudia kukiweka katikati. Baada ya hapo chukua zoezi moja kwa Yoshida: mchoro mmoja, unakiliwe mara tatu kwenye karatasi, upakwe rangi za maji za alfajiri, adhuhuri na machweo, bila kubadilisha mstari wowote. Walimu wa sanaa shuleni wangefaidika nalo sana, maana linahitaji sahani moja ya rangi na dirisha.

Asai Chū ni wa wale wanaopenda shamba na watu wake kuliko mwanga. Jambo la kupendeza ni kwamba mwaka 1900 naye alikwenda Ufaransa, akakaa Grez, kijiji kilekile cha Kuroda, na picha zake za huko za mwaka 1901 ni angavu kuliko chochote alichochora kabla. Mtu anayetaka kuona mchoraji mzima akibadilika azitazame pamoja na "Mavuno".

Na anayetaka uimpreshonisti wenyewe, ule wa madoa ya rangi safi yanayowaka juani, amwendee Kojima Torajirō (1881–1929). Alisoma Ghent, Ubelgiji, akamaliza mwaka 1912 akiwa wa kwanza katika darasa lake, chini ya kivuli cha Emile Claus, mchoraji aliyeupenda mwanga kuliko kitu chochote. Bustani zake za maua zina joto ambalo Kuroda hakulitafuta kamwe.

Kwa msafiri, mambo ya kujua ni machache lakini ni muhimu. "Kando ya Ziwa" iko kwenye Ukumbi wa Kumbukumbu ya Kuroda, jengo la mwaka 1928 katika mtaa wa Ueno, Tokyo, lililo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Kiingilio ni bure. Lakini chumba chenye picha zake kuu hufunguliwa kwa vipindi vichache tu vya mwaka, kwa hiyo soma kalenda yao kabla ya kukata tiketi ya ndege. Siku nyingine utakuta kazi ndogo, ambazo ni nzuri, ila sizo ulizozifuata. Chapa za Yoshida hazina nyumba moja, na kwa kuwa mwanga huzififisha, makumbusho huzitoa kwa muda mfupi kisha huzirudisha ghalani. Walio Amerika ya Kaskazini waulizie Toledo, Ohio, ambako mwaka 1930 yalifanyika maonyesho makubwa ya chapa mpya za Kijapani ambayo Yoshida mwenyewe alisaidia kuyaandaa, au Boston. Ukiwa na siku moja tu ya kutoka nje ya Tokyo, ipeleke Kurashiki, kwenye Makumbusho ya Ohara. Yalifunguliwa mwaka 1930 kwa kumbukumbu ya Kojima, na pamoja na picha zake utaona "Mayungiyungi ya Majini" ya Monet, ambayo Kojima aliinunua kutoka kwa Monet mwenyewe mwaka 1920.